Jordan hakufukuzwa timu ya shule

Juzi dogo mmoja jirani yetu hapa Ligula, Mtwara, kaachwa timu ya basketi ya shule, analia, na sisi watu wazima tukaanza ile stori ya siku zote, eti hata Michael Jordan, yule nyota wa basketi wa Marekani, alifukuzwa timu shuleni halafu akawa bingwa. Jamani, haikuwa hivyo.

Mwaka 1978, shule ya Laney, mji wa Wilmington kule North Carolina, Marekani, Jordan alikuwa na miaka 15 na urefu kama sentimita 178 hivi. Timu ya kwanza ilishajaa wakubwa wenye uzoefu, nafasi ya mtoto wa darasa la kina Jordan akapewa mwenzake Leroy Smith aliyekaribia mita 2, maana walihitaji mtu mrefu. Jordan akapelekwa timu ya pili. Iliumiza kweli, mwenyewe kasimulia alivyojifungia chumbani akalia, ila hakuachwa barabarani! Msimu mzima anacheza, kocha anaye, mechi anazo, mpira unapita mikononi mwake muda wote wakati kule kwa wakubwa labda angekalia benchi tu. Mwaka uliofuata kashaongezeka urefu, akapanda.

Sasa sisi tunamwambia dogo "vumilia" na timu ya pili hatuna. Machozi peke yake hayamkuzi mtu. Nimeongea na mwalimu, walioachwa wako 9, wataanza kucheza wenyewe jioni timu kubwa ikishamaliza, mpira nimenunua mimi.