Gari Jepesi la Turbo: Yasemwayo Gereji na Yasemwayo na Mizani

Subaru zenye turbo zimejaa Nakuru, Kisumu na Eldoret. Kila moja inapogongwa ikabaki na injini nzima, kuna mtu hujiwa na wazo la kuichinja, achukue injini na giaboksi, kisha avifunge kwenye chasisi nyepesi ya bomba za chuma yenye bodi ya faiba. Wazo hilo si geni. Kampuni ya Factory Five ya Marekani ilibuni seti ya aina hiyo iitwayo 818, jina lililotokana na uzito uliolengwa, yaani kilo 818. Injini ya Subaru Impreza huhamia nyuma ya viti, na magurudumu ya nyuma pekee ndiyo husukuma gari. Kinachoharibu kazi nzuri kama hii ni kuhamisha nambari pamoja na vyuma: presha ya tairi, breki, springi na busti (presha ambayo turbo huongeza) za gari la kilo 1,400 zinabandikwa kwenye gari la kilo 800 na kitu, tena juu mlimani.

Dhana: "Bila kuongeza nguvu za farasi, kazi yote ni bure."

Piga hesabu. Impreza WRX ya Japani ya mwanzoni mwa miaka ya 2000 ina farasi 250 na uzito wa takriban kilo 1,400, yaani farasi 179 kwa kila tani. Injini hiyo hiyo, bila kuguswa, kwenye gari la kilo 820 inatoa farasi 305 kwa tani. Ili Impreza nzima ifikie hapo ingehitaji farasi zaidi ya 420, na pistoni za kiwandani hazikuundwa kwa mzigo huo. Nguvu mpya umeshaipata kwa kupunguza uzito. Pesa zilizobaki zitumie kwa belti ya taimingi na roli zake, pampu ya maji, klachi na mipira mipya ya oili na maji. Belti ikikatika, valvu hukutana na pistoni.

Dhana: "Turbo haijui mlima."

Hii ndiyo inayoua injini nyingi, kwa sababu ndani yake mna ukweli nusu. Hewa ya Mombasa ina presha ya takriban bar 1.01. Kisumu, mita 1,130 hivi juu ya bahari, ni kama 0.88. Nakuru, kwenye mita 1,850, ni kama 0.81. Injini isiyo na turbo hupoteza karibu asilimia 20 ya hewa yake Nakuru. Yenye turbo hupoteza kidogo, lakini hupoteza, kwani springi ya westigeti, kile kilango kinachodhibiti busti, hupima tofauti kati ya ndani na nje. Geji ikisoma 0.9, ndani ya injini Mombasa mna 1.91, na Nakuru mna 1.71. Sindano imesimama pale pale, hewa imepungua kwa asilimia 10.

Mwenye gari akihisi udhaifu huo hupandisha busti hadi arudishe 1.91. Sasa turbo inavuta hewa ya 0.81 na kuikandamiza mara 2.36, badala ya mara 1.89 ya pwani. Turbo ndogo ya kiwandani huzunguka kwa kasi zaidi na kutoka nje ya eneo lake la kazi nzuri. Pwani, hewa iliyoingia ikiwa nyuzi 25 ingetoka kwenye turbo ikiwa karibu nyuzi 110. Sasa inakaribia 150. Hewa moto huleta noki, yaani petroli kulipuka ovyo ndani ya silinda, na noki huvunja kingo za pistoni zinazoshika ringi. Kompyuta ya kiwandani ya Subaru inao ujuzi wa kusoma presha ya nje na kushusha busti mlimani. Ukiweka kompyuta nyingine, hakikisha fundi wa kutyuni ameijazia jedwali la kushusha busti kulingana na presha ya nje, asiliache na sufuri.

Safari ya kuteremka ina hatari yake. Gari lililotyuniwa Nakuru huku injekta zikiwa wazi kwa asilimia 88 ya muda wake litahitaji karibu asilimia 98 likifika pwani, na hapo hakuna akiba iliyobaki. Kisumu ongezeko ni dogo, kama asilimia 4 au 5, lakini joto la mchana la kando ya ziwa huchochea noki. Mwagize fundi kwamba Nakuru injekta zisizidi asilimia 75 hadi 80. Kwenye busti kamili, lambda (kipimo cha uwiano wa hewa na petroli) iwe kati ya 0.78 na 0.82, isomwe na sensa pana ya oksijeni. Rangi ya plagi pekee haitoshi. Kumbuka pia kwamba gari la soko la Japani lilitengenezewa petroli ya oktani 96 kwenda juu, na super ya kawaida ya hapa haifiki huko. Kurudisha taiming ya cheche nyuma nyuzi mbili au tatu ni bei nafuu kuliko pistoni.

Dhana: "Ile sauti ya pshhh ni dalili ya turbo yenye afya."

Injini hizi hupima hewa kabla ya turbo. Valvu inayotoa sauti hiyo, ile inayoachilia hewa ya turbo mguu ukitoka kwenye pedali, ikiimwaga nje, petroli ya hewa hiyo tayari imehesabiwa, kwa hiyo kila ukibadilisha gia injini hujaa mafuta na plagi huvaa masizi. Rudisha bomba lake kwenye njia ya kuingilia. Na kwa kuwa seti hubadilisha njia hiyo, sensa ya hewa ikae kwenye kipande kilichonyooka cha angalau sentimita 15, kipenyo kile kile cha awali. Ikiwekwa kwenye kona itasoma uongo, na kompyuta itauamini.

Dhana: "Ikichemka, gasketi ya hedi imekufa."

Jina la Subaru na gasketi ya hedi yamefungwa pamoja kiasi kwamba fundi hatafuti kitu kingine. Kwenye gari hili rejeta iko puani na injini iko nyuma, kwa hiyo maji husafiri kwenye mabomba marefu chini ya sakafu, na hewa hujificha penye mwinuko wowote wa bomba. Inua pua ya gari sentimita 30 hivi, fungua skrubu ya kutolea hewa juu ya rejeta, jaza kupitia sehemu ya juu kabisa ya injini hadi mapovu yaishe, kisha washa huku ukiminya mipira. Acha ipoe, jaza tena. Mara nyingi huhitaji kurudia mara tatu.

Kuna mtego wa mwinuko hapa pia. Nakuru maji matupu huchemka kwenye nyuzi 94, na feni ya Subaru huanza karibu na 95. Kifuniko kikiwa wazi, maji yatafurika kabla feni haijawaka, na injini nzima itahukumiwa kufunguliwa bure. Tumia kulanti (dawa ya rejeta) nusu kwa nusu na maji yaliyochujwa chumvi. Nunua kifuniko kipya cha bar 1.1, kwa sababu ndicho kinachosogeza mchemko wa hata maji matupu hadi karibu nyuzi 118. Kabla ya kufungua hedi, pima gesi ya moshi ndani ya maji kwa dawa inayobadilika rangi.

Dhana: "Tairi ni PSI 33, imeandikwa mlangoni."

Mlango huo ulikuwa wa gari lingine. Kwenye gari la kilo 820, PSI 33 huvimbisha katikati ya tairi, na kingo hazigusi lami. Anza na 20 hadi 22 tairi ikiwa baridi. Baada ya dakika 20 za kuendesha, pima joto la tairi ndani, katikati na nje: katikati ikiwa moto zaidi, punguza PSI moja, kingo mbili zikiwa moto zaidi, ongeza moja.

Dhana: "Alaimenti ikishapigwa, gari liko sawa."

Alaimenti hupima pembe za magurudumu. Haisemi kila gurudumu limebeba kilo ngapi, na kwenye gari jepesi dereva wa kilo 75 ni sehemu kubwa ya mzigo. Gari ambalo mzigo wake umekaa mshazari hukata kona ya kulia vizuri kisha likakuponyoka kwenye ya kushoto, na hakuna alaimenti itakayoliponya.

Mizani ya magari ya mashindano ni ghali, lakini mizani nne za bafuni za kilo 150 zinatosha. Kwa wastani gurudumu hubeba zaidi ya kilo 200, kwa hiyo tumia ubao mgumu: ncha moja juu ya mizani, nyingine juu ya tofali la kimo kile kile, gurudumu katikati kabisa. Mizani itasoma nusu. Zidisha kwa mbili. Sakafu isawazishwe kwa mpira wenye maji kama wanavyofanya waashi. Tangi liwe nusu, dereva au mifuko ya uzito wake iwe kitini, na baa ya kuzuia kulala iwe imefunguliwa upande mmoja. Sukuma gari mbele na nyuma lijikalie.

Jumlisha mbele kulia na nyuma kushoto. Gari likiwa na kilo 895 pamoja na dereva, jumla hiyo ikaribie 447. Ikipungua, kaza kikombe cha springi cha mojawapo ya pembe hizo mbili. Ukiinua pembe moja, mzigo huongezeka hapo na kwenye pembe ya mshazari wake, hupungua kwenye nyingine mbili. Zungusha nusu raundi, sukuma gari, pima tena. Alaimenti hufuata baada ya hapo, kwa kuwa kila kimo kikibadilika pembe nazo hubadilika.

Dhana: "Breki kubwa za mbele ndizo salama."

Impreza ina uzito mwingi mbele, na breki zake zimegawanywa hivyo. Hapa injini iko nyuma, kwa hiyo mbele hujifunga mapema na nyuma hazifanyi kazi yake. Ondoa valvu ya kiwandani inayobana breki za nyuma, weka baa ya kurekebisha mgao kwenye pedali, na urekebishe hadi mbele zijifunge kabla ya nyuma kwa tofauti ndogo sana. Zikitangulia za nyuma, gari litageuka. Mafuta ya DOT 4 yakiwa mapya huchemka kuanzia nyuzi 230, lakini yakishanyonya unyevu kiwango huweza kushuka hadi 155. Anayeishi kando ya ziwa na kuteremka mara kwa mara kutoka Nandi Hills ayabadilishe kila mwaka.

Dhana: "Ni vipuri tu, sheria haihusiki."

Seti nyingi za Marekani huja na usukani wa kushoto, na Kenya haisajili gari la kawaida la namna hiyo. Peleka michoro na namba za chasisi NTSA (mamlaka ya usafiri na usalama barabarani) na KEBS (shirika la viwango) kabla ya kulipia, si kontena likishafika Mombasa.

Dhana: "Nati ikikazwa mpaka ikatae haitafunguka."

Boliti ya M10 ya daraja 8.8 inataka takriban Nm 45 hadi 50. Ukiizidishia huvutika na kupoteza mshiko. Nati za magurudumu ni Nm 90 hadi 100. Nati yenye plastiki ndani ikifunguliwa mara moja hutupwa. Kila nati iliyokazwa ipigwe mstari wa rangi unaovuka hadi kwenye chuma kilicho chini yake. Baada ya safari ya kwanza, Nakuru hadi Gilgil na kurudi, ingia chini ya gari na tochi: mstari uliokatika ndio wa kushughulikiwa kwanza.