Sumu ya chura na saratani ya tumbo: maswali na majibu

Je, ni kweli sumu ya chura inaua saratani ya tumbo?

Maabara, ndiyo. China wana dawa ya kale iitwayo chan su, utomvu uliokaushwa wa tezi za ngozi ya chura, na ndani yake mna kemikali iitwayo bufalini. Ukiitia kwenye chombo chenye seli za saratani ya tumbo, nyingi hufa. Lakini hata jiki ingeziua. Cha kuuliza ni zinakufaje, na nini kingine kinakufa pamoja nazo.

Haya, zinakufaje?

Seli zetu zina pampu kwenye utando wa nje, zinazotoa sodiamu na kuingiza potasiamu. Bufalini hunasa kwenye pampu hizo na kuzizuia. Sodiamu hujaa ndani, kalsiamu nayo hupanda, na ishara zinazoichochea saratani ikue hufifia. Kisha mitokondria, zinazoipa seli nguvu, huvujisha protini iitwayo saitokromu c. Hapo vimeng'enya viitwavyo kaspesi huamka na kukatakata protini za seli, mpaka inasinyaa na kugawanyika vipande vinavyomezwa na seli za jirani. Kifo hiki huitwa apoptosisi. Seli zetu zilizochakaa hujiua hivyo kila siku; za saratani ndizo hukaidi.

Mbona basi hatupewi hospitalini?

Kwa sababu moyo nao unaendeshwa na pampu hizo hizo. Dijoksini, wanayoijua wagonjwa wengi wa moyo, huzizuia pia, na dozi yake ni ya mikrogramu. Ikizidi kidogo, mapigo huvurugika. Jijini New York, kati ya 1993 na 1995, wanaume wanne walifariki baada ya kumeza dawa ya kienyeji ya nguvu za kiume iliyokuwa na kemikali za jamii ya bufalini.

Lakini si ilijaribiwa kwa panya?

Ilijaribiwa, na hapa ndipo video za WhatsApp zinazoisifu sumu hii zinapotupotosha. Pampu za panya hazishikwi kirahisi na sumu hizi kama za binadamu. Ukimpandikizia panya uvimbe wa binadamu, sumu huushambulia uvimbe huku moyo wa panya ukistahimili. Wewe moyo wako ni wa binadamu. Dawa iliyotengenezwa kwa ngozi ya chura, iitwayo huachansu, ilipojaribiwa China pamoja na kemo (dawa kali za kuua seli za saratani) kwa wagonjwa wa saratani ya kongosho, haikuwaongezea maisha.

Hakuna sumu ya asili iliyofaulu?

Ipo: paklitaxeli, kutoka gome la mti uitwao yew lililokusanywa Marekani mwaka 1962. Hukwamisha nyuzi ambazo seli hutumia kugawanyika, na seli iliyokwama hujiua. Iliidhinishwa huko 1992, kwanza kwa saratani ya ovari (vifuko vya mayai ya mwanamke). Siku hizi hutumika hata kwa saratani ya tumbo iliyosambaa. Hata hivyo hunyonyoa nywele na kushusha seli nyeupe za damu, ndiyo maana mgonjwa hupimwa damu kabla ya dozi.

Tumbo linanisumbua. Nifanyeje?

Chura mwache. Ukiwa na maumivu yasiyoisha, unashiba upesi, unakonda, unatapika damu au unapata choo cheusi, nenda hospitali ukaulizie endoskopi, kipimo cha kamera. (Vidonge vya madini ya chuma navyo huleta choo cheusi, mwambie daktari kama unavitumia.) Uliza pia kipimo cha H. pylori, bakteria aliyetajwa rasmi mwaka 1994 kuwa kisababishi cha saratani hii. Akikutwa, utapewa antibiotiki na dawa ya kupunguza asidi. Maliza dozi yote, halafu baada ya wiki nne au zaidi urudi kupimwa kama ameisha.