Mafunzo ya Aprili, Kazi ya Julai: Dhana Potofu Kuhusu Kuwafundisha Wafanyakazi

Kila masika, wageni wanapopungua na hoteli za Arusha na Moshi zinapobaki na vyumba vitupu, simu yangu huanza kulia. Mwenye hoteli au meneja wa kampuni ya utalii anataka siku mbili za mafunzo kwa wafanyakazi wake wote, na ninapomuuliza nini kitafuata baada ya siku hizo mbili, hunijibu kwa mshangao kwamba watakuwa wameshafundishwa. Jibu hilo nimelisikia mara nyingi mno, na ndilo linalonisukuma kuandika.

Dhana yenyewe ni kwamba aliyehudhuria semina na kupewa cheti cha ushiriki tayari ana ujuzi. Ukweli ni kwamba semina huanzisha ujuzi tu, na ujuzi ulioanzishwa Aprili bila kuguswa tena hauwezi kutegemewa msimu unapochanganya mwezi Julai.

Mwishoni mwa Juni mwaka mmoja nilirudi katika hoteli moja ya Moshi ambako, wakati wa masika, nilikuwa nimewafundisha wapishi usalama wa chakula. Katika mafunzo yale kila mmoja alichoma kipimajoto kwenye paja la kuku, akasoma namba na kuiandika kwenye fomu, na hoteli ikanunua kipimajoto chake. Nilipoingia jikoni walikuwa wakiandaa chakula cha mchana cha kundi lililoteremka mlimani, nikaomba kukiona kile kipimajoto. Kijana mmoja alivuta droo, akasogeza vitambaa vya meza, akakitoa kikiwa bado ndani ya mfuko wake wa plastiki. Nikamuuliza kuku anatakiwa afikie nyuzi ngapi. "Sitini, mwalimu," alisema, kisha akasita. "Au ni sabini?" Shirika la Afya Duniani hushauri chakula kifikie angalau nyuzi 70 za sentigredi katikati yake kinapopikwa, na kilichokwisha kuiva kikisubiri kupakuliwa kibaki juu ya nyuzi 60. Kijana alikuwa amezishika namba zote mbili, ila kila moja ilikuwa imepotewa na kazi yake.

Meneja alisema kijana ni mzembe, nami nilikataa na ninaendelea kukataa. Mpishi mkuu alikuwa likizo siku za mafunzo, na aliporudi aliendelea kupasua nyama na kuitazama rangi kama alivyozoea, kwa hiyo vijana wakamfuata yeye, kama ambavyo mtu yeyote humfuata anayempangia zamu. Fomu za joto zilikuwa zimefungiwa ofisini, na kwa wiki nzima hadi nyingine hapakuwa na aliyeziulizia. Lawama nyingine ni yangu, kwa sababu nilikubali kufundisha jiko zima bila mkuu wake kuwepo, na tangu hapo sijakubali tena.

Kusahau kwenyewe si jambo la kushangaza. Mwaka 1885 mwanasaikolojia Hermann Ebbinghaus wa Ujerumani alichapisha matokeo ya majaribio aliyojifanyia mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana, na baada ya siku moja faida iliyobaki ya kukariri kwake ilikuwa karibu theluthi moja. Kazi ya jikoni ina maana kuliko silabi zile na haipotei kwa kasi ileile, lakini mwelekeo ni huohuo. Dawa yake nayo inajulikana. Mwaka 2006 watafiti Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walilinganisha wanafunzi waliosoma habari na kuirudia kwa macho na wale walioisoma kisha wakajitahidi kuieleza bila kuitazama. Baada ya dakika 5 walioirudia kwa macho waliongoza, wakikumbuka asilimia 81 ya habari hiyo kwa 75 ya wenzao, lakini baada ya wiki moja waliojitahidi kukumbuka walibaki na asilimia 56, na wenzao 42.

Ndiyo maana ninasisitiza, hata pale mteja anapochoka kunisikiliza, dakika 10 kabla ya zamu, angalau mara mbili kwa wiki, msimamizi akiuliza na wafanyakazi wakijibu bila daftari, kisha mmoja wao akionyesha kwa mikono. Mwenye bajeti ya siku mbili nitamshauri afanye siku moja, na fedha ya siku ya pili anilipe nirudi Juni na tena Agosti nikiwakuta kazini.

Dhana nyingine hazinihitaji niseme mengi. Kuna wanaotaka wafanyakazi wagawanywe kuwa watu wa kuona na watu wa kusikia ili kila kundi lifundishwe kivyake. Mapitio ya tafiti yaliyoongozwa na Harold Pashler mwaka 2008 hayakupata ushahidi wa kutosha wa kuhalalisha mgawanyo huo. Anayejifunza kutandika kitanda atandike kitanda.

Wapo waajiri wanaodhani kwamba kwa kuwa wanalipa tozo ya kuendeleza ufundi stadi, wajibu wao umekwisha. Tozo hiyo, ambayo mwaka 2023 ilishushwa kutoka asilimia 4 hadi 3.5 ya malipo ya wafanyakazi, hulipwa Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) na haimfundishi mpishi wako. Nao wafanyakazi wajue kwamba ni mzigo wa mwajiri, haipaswi kukatwa kwenye mishahara yao.

Hofu kwamba aliyefundishwa atahamia hoteli ya jirani ninaielewa, kwa sababu huwa inatokea. Asichoruhusiwa mwajiri ni kukata gharama za mafunzo kwenye mshahara wa mwisho kwa uamuzi wake mwenyewe, maana Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inadai makato yawe na msingi wa kisheria au makubaliano ya maandishi. Kama kuna masharti ya kubaki kazini kwa muda fulani, yaandikwe na kusainiwa kabla ya mafunzo.

Mwisho, wapo wanaomdharau aliyejifunzia kazini kwa kuwa hana cheti. VETA, mamlaka ya serikali ya mafunzo ya ufundi stadi, ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi, ambapo fundi au mpishi hupimwa kwa kile anachoweza kukifanya. Mwenye mpishi wa namna hiyo amwulizie utaratibu huo masika haya, wakati jiko limetulia.