Je, wajua ni lini inafaa kuweka dau baada ya karata ya mwisho ya poka?

Katika Texas Hold'em ya dau la kikomo, kila mchezaji hupewa karata mbili za siri, kisha karata tano hufunuliwa mezani kwa ajili ya wote. Kwenye meza ya dola 10 kwa 20, dau ni dola 10 katika mizunguko miwili ya kwanza na dola 20 katika miwili ya mwisho. Karata ya tano huitwa riva, na baada yake hakuna tena karata ya kumwokoa mtu.

Hapo wengi hujiuliza kama karata zao ndizo bora. Swali hilo halitoshi, kwa kuwa mpinzani akitupa karata zake dau lako halijakuongezea kitu ambacho usingekipata kwa kumshinda bila dau. Linalofaa kuulizwa ni hili: akilipa, yaani akiweka dau sawa na lako, ni nani atakayeshinda mara nyingi zaidi?

Chukua mfano huu. Unayo ree ya pau na malkia wa uru, na mezani kuna malkia wa shupaza, tisa na nne za kopa, mbili ya uru, kisha inafunuliwa sita ya kopa. Mpinzani aliyekuwa akilipa tu tangu mwanzo anapita bila kuweka dau. Kopa tatu za mezani zinatisha, lakini mwenye kopa tano, yaani mbili zake na hizo tatu, ambazo zingekushinda, kwa kawaida angeweka dau mwenyewe, akihofia kwamba nawe utapita. Hesabu malkia waliobaki, wa kopa na wa pau: wakiambatana na mfalme, ghulamu au kumi, hupatikana jozi 24 za karata za siri anazoweza kuwa nazo, na kati yake ni 3 tu zenye kopa mbili, 21 zilizobaki unazishinda kwa ree yako, kwa kuwa nyote mna malkia wawili. Malkia na tisa, zinazokushinda kwa kuwa zinampa malkia wawili na tisa mbili, ni jozi 6. Tena, ikiwa mezani kuna dola 120 nawe ukaongeza 20, yeye hulipa 20 ili apate 140, kwa hiyo kushinda mara moja tu katika nane kunamtosha, naye atalipa hata kwa tisa moja inayoungana na ile ya mezani. Kupita hapa ni kuacha fedha mezani.

Hata hivyo, kushinda zaidi kidogo ya nusu ya mara anazokujibu si salama. Tuseme mara 100 anazokujibu, unashinda 52, unashindwa 40, na mara 8 anapandisha dau, ukalipa na kushindwa. Hizo 8 zinakugharimu dau 16, na mwisho una hasara ya dau 4.

Ukiwa wa kwanza kuamua, hesabu hugeuka, na kwangu hapa ndipo penye utamu wa mchezo huu. Tuseme mpinzani ana jozi 50 zinazokushinda, ambazo angeziwekea dau nawe ungelipa, na 40 dhaifu ambazo angelipia dau lako lakini mwenyewe angepita nazo. Ukipita unapoteza dau 50. Ukiweka dau unapoteza 10 tu, ingawa unashindwa mara nyingi kuliko unavyoshinda. Kuamua mwisho kuna thamani kubwa: programu ya Cepheus, iliyotangazwa mwaka 2015 na watafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, ilithibitisha kwamba katika mchezo wa watu wawili mgawaji, anayeamua mwisho baada ya karata za mezani kufunuliwa, ndiye mwenye faida. Lakini mpinzani akiwa mtu wa kuweka dau bila karata za maana, pita, umwachie aweke, kisha ulipe.