Oktoba: walioingia, waliosoma, na wasiohesabika

Grafu ya Oktoba ya wanaofungua tovuti yangu ya uchambuzi wa fasihi ya Kiswahili imepanda tena. Imepanda kama ilivyopanda mwaka jana na mwaka juzi, na mitaala isipobadilika itapanda hivyohivyo mwakani. Wadau wachache niliowadokezea wamenipongeza, nami nawashukuru. Lakini ni haki nieleze ninavyoisoma, maana mtu akizitazama namba za mwezi huu harakaharaka anaweza kudhani nchi nzima imelala na riwaya kitandani.

Siku zote naanzia kwenye maneno ya utafutaji, jumla baadaye. Jumla inaniambia tu kwamba watu walikuja. Maneno waliyoandika kwenye Google ndiyo yanayoniambia walikuja kutafuta nini. Chombo ninachotumia ni Search Console ya Google, nacho ni cha bure. Kinaonyesha neno lililotafutwa, ukurasa wangu ulitokea mara ngapi kwenye majibu, ulibofywa mara ngapi, na kwa wastani ulishika nafasi ya ngapi. Maneno yaliyotafutwa na watu wachache mno huyaficha kwa ajili ya faragha. Kumbukumbu zake zinarudi nyuma miezi 16, na hapo ndipo ninapofaidi hasa, kwa sababu kulinganisha Oktoba na Septemba ni kujidanganya. Oktoba hupimwa kwa Oktoba.

Na maneno ya mwezi huu ni yaleyale. Upande wa Tanzania wanataka vitabu vya fasihi vya shuleni: wahusika wa Takadini, dhamira katika Wasakatonge, jinsi jina la Ngoswe lilivyosadifu yaliyomo. Wapo wanaobandika swali zima lilivyo, na nukta zake na maagizo yake: "Kwa kutumia riwaya mbili kati ya ulizosoma..." Wengine wanaongeza 021, namba ya somo la Kiswahili katika mtihani wa kidato cha nne. Upande wa Kenya utaona dondoo za Bembea ya Maisha, maswali na majibu ya Nguu za Jadi, na 102/3, yaani karatasi ya tatu ya Kiswahili katika KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari kule, ile ya fasihi yenye alama 80. Anayeandika "weka dondoo hili katika muktadha wake" hakuhitaji mimi nimweleze kwa nini Clara Momanyi, aliyeandika Nguu za Jadi, ni mwandishi wa kusomwa. Anazihitaji alama zake nne, na anazihitaji leo usiku.

Mitihani yenyewe inaandikwa Novemba, kwa hiyo Oktoba ndiyo lala salama. Mstari unaanza kuinuka katikati ya Septemba, unafika kileleni mkesha wa karatasi ya Kiswahili, halafu kesho yake jioni unaporomoka. Riwaya ni ileile, na uchambuzi sijaugusa hata nukta. Mtihani umekwisha, basi.

Anayetaka ushahidi mkali zaidi aangalie kilichotokea Kenya vitabu vilipobadilishwa. KCSE ya 2022 ndiyo iliyokuwa ya mwisho kutahini Chozi la Heri na Kigogo, na kuanzia 2023 nafasi zao zikachukuliwa na Nguu za Jadi na Bembea ya Maisha. Kurasa zangu za vile viwili vya kwanza zilikuwa miongoni mwa zilizofunguliwa zaidi. Siku hizi wanaozifikia ni wachache, na wengi wao, nikiyatazama maneno yao, ni walimu wanafunzi wa vyuo wanaoandika tasnifu. Assumpta Matei, mwandishi wa Chozi la Heri, hakuandika vibaya zaidi baada ya 2022. Riwaya imeondolewa kwenye orodha, na msomaji naye kaondoka nayo. Hilo linanisumbua kuliko namba yoyote ndogo niliyowahi kuiona, kwa sababu lina maana kwamba wale wote wa mwanzo hawakuwa wakikisoma kitabu. Walikuwa wakikisomea mtihani.

Haya, tuje kwenye hesabu yenyewe, maana nako kuna vituko.

Neno "mtembeleaji" kwenye takwimu halimaanishi mtu. Linamaanisha kivinjari. Mfumo unaweka alama yake kwenye kivinjari chako, na ukirudi unakutambua kwa alama hiyo. Ukinisoma asubuhi kwa simu na mchana kwa kompyuta ya ofisini, wewe ni watembeleaji wawili. Ukifuta historia ya kivinjari, kesho unahesabiwa mgeni mpya. Hapo namba inavimba.

Inavimba zaidi kwa ajili ya roboti. Kila ninapofungua orodha ya miji, Dar es Salaam na Nairobi ziko juu kama inavyotarajiwa, kisha mahali fulani katikati anajitokeza Ashburn. Ashburn ni mji wa Virginia, Marekani, na umejaa vituo vya data ambako kompyuta za makampuni makubwa ya intaneti zinaunguruma usiku na mchana. Sidhani kama kuna Waswahili wengi pale wanaokesha na Wasakatonge. Ni programu zinazopita kukusanya maandishi, nyingine za injini za kutafutia, nyingine za kufunzia akili bandia. Mifumo ya takwimu inazichuja nyingi, lakini si zote. Mgeni wa Ashburn anayefungua kurasa mfululizo kwa dakika moja, bila kuteremka hata aya moja, namwondoa kwenye hesabu zangu bila huruma.

Halafu kuna muda wa kusoma. Mfumo wa sasa wa Google Analytics, chombo kingine cha Google cha kuhesabu wageni, unaihesabu ziara kuwa ya mtu "aliyeshiriki" ikiwa imezidi sekunde 10, au kama mtu amefungua kurasa mbili. Sekunde 10! Kwa sekunde 10 hujamaliza hata sentensi moja ya Shaaban Robert, na ukiwa na mtandao wa kusuasua hata picha ya jalada haijatokea. Kipimo hicho kiliwafaa watu wa maduka, wanaotaka kujua kama mteja aliitazama bidhaa au aligeuka mlangoni. Mimi natazama walioteremka mpaka mwisho wa ukurasa, na nawatazama kwa mwezi mzima, maana siku moja haitoshi kusema lolote.

Lakini kosa kubwa la takwimu zangu liko upande wa pili. Wengi wanaonisoma hawahesabiki kabisa.

Fikirieni mwalimu wa Kiswahili wa shule ya bweni, ambako wanafunzi hawaruhusiwi simu. Jumamosi anaingia mjini, anapita steshenari, anafungua uchambuzi wa riwaya ya Vuta N'kuvute kwenye kompyuta ya pale, anaunakili kwenye Word, anapunguza ukubwa wa herufi ili utoshe karatasi mbili, anachapisha nakala moja kisha anatoa kopi za darasa zima. Kwangu hiyo ni ziara moja, ya kompyuta, ya dakika nne. Kule shuleni ni darasa lililojaa, na kopi hizo zitarithiwa na kidato kinachofuata. Najua hivi kwa sababu nimewahi kutumiwa picha ya "notsi" zangu mwenyewe niulizwe kama nazifahamu, jina langu limekatwa juu na muhuri wa steshenari umepigwa chini. Sikukasirika sana. Lakini kama ni kopi, basi na jina la mwandishi wa riwaya lisikatwe!

WhatsApp nayo iko hivyohivyo. Mtu akibofya kiungo kutoka kwenye grupu, mara nyingi mfumo hauoni ametokea wapi, kwa hiyo unamweka kwenye fungu la "moja kwa moja", pamoja na yule aliyeandika anwani kwa mkono wake. Fungu hilo linapokua ghafla siku moja, na ukurasa unaofunguliwa ni mmoja tu, najua nimeingia kwenye grupu la mtu. Na ikiwa amenakili makala yote akaibandika kule, ili wenzake wasimalize bando, hapo sijui lolote. Nimesomwa, basi.

Kwa hiyo nikisema Oktoba ilikuwa kubwa, nina maana kwamba waliofungua wamehesabiwa kupita kiasi na waliosoma wamehesabiwa pungufu. Nitumie namba ipi? Natumia mwelekeo, na natumia siku zisizo za kawaida.

Siku mbili za Oktoba huwa nazisubiri. Ya kwanza ni tarehe 14, kumbukumbu ya kifo cha Mwalimu Nyerere, 1999. Siku hiyo makala yangu kuhusu tafsiri zake za Shakespeare, Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi, inaamka kutoka usingizini. Wengi wanatoka Facebook, wanasoma kichwa cha habari, wanashangaa kwamba Rais alitafsiri tamthilia, wanaondoka. Ila kila mwaka wanabaki wachache wanaoingia ndani zaidi, wakitaka kujua ni mistari gani aliitafsiri vipi. Hao hawana mtihani kesho.

Ya pili ni Alhamisi ya tuzo ya Nobel ya fasihi. Jina linatangazwa Stockholm saa nane mchana za kwetu. Alhamisi ya 7 Oktoba 2021 lilipotajwa jina la Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, maneno ya utafutaji yalibadilika siku hiyohiyo: Gurnah ni nani, Gurnah ni Mtanzania, vitabu vya Gurnah kwa Kiswahili. Hilo la mwisho halikuwa na jibu siku ile. Jibu lilikuja 2022, pale wachapishaji Mkuki na Nyota walipotoa Peponi, riwaya yake Paradise iliyotafsiriwa na Ida Hadjivayanis. Tangu hapo kila Oktoba, tuzo ikienda kwa yeyote yule, mstari wa Gurnah unainuka kidogo alasiri hiyo. Na tofauti na mstari wa mtihani, wenyewe haushuki hadi sifuri. Unabaki juu kidogo kuliko ulivyokuwa kabla. Mimi nikiona hivyo nasema hapa pana wasomaji.

Ndiyo maana nikitaka kujua hali halisi naiacha Oktoba na Novemba, naangalia miezi ambayo hakuna anayemlazimisha mtu. Februari, kwa mfano, au Agosti. Anayekuja Februari kutafuta Kuli ya Shafi Adam Shafi amejituma mwenyewe. Kuli haiongelewi sana, nami naona ni dhuluma. Ni riwaya ya wapagazi wa bandari ya Zanzibar na mgomo wao wa 1948, na ukishaisoma huwezi tena kupita bandarini ukaona makontena tu. Kwa hiyo chini ya uchambuzi wa Vuta N'kuvute, ambayo nayo ni ya Shafi, niliweka kiungo cha Kuli na cha Kasri ya Mwinyi Fuad. Wanafunzi wengi hawakigusi, na siwalaumu. Lakini wachache wanaokigusa hukaa, na baadhi yao hurudi baada ya matokeo kutoka.

Kundi jingine la namna hiyo liko Oman. Si kubwa, ila lina tabia yake. Linaongezeka kuanzia Alhamisi jioni, kwa kuwa wikiendi ya kule ni Ijumaa na Jumamosi, na linapenda waandishi wa Visiwani: Shafi, Said Ahmed Mohamed, Haji Gora Haji. Wanatafuta kwa jina la mwandishi kuliko jina la kitabu. Swali lao kwenye barua pepe ni moja: kitabu nakipataje Muscat? Mara nyingi jibu ni kwamba asubiri ndugu anayesafiri kutoka Unguja amwekee kwenye sanduku. Aibu kwa biashara yetu ya vitabu, lakini ndivyo ilivyo.

Hapo ndipo linapoingia neno ambalo limeongozana na karibu kila jina la kitabu mwezi huu: pdf. Kuna wenzangu wanaoliona ni neno la wezi. Wengine ni wezi kweli, na mimi siweki hapa faili la kitabu chenye mwenyewe, msiniombe. Lakini nikitazama miji wanakotoka wanaofungua kurasa za vitabu hivyo, naona pia ramani ya mahali pasipo na duka la vitabu. Mtu wa Kariakoo akitafuta pdf anakwepa gharama. Mtu wa Mpanda au Lodwar huenda angelipa vizuri tu, kama pangekuwa na wa kumlipa.

Kwa hiyo Novemba nitafanya hivi. Chini ya kila uchambuzi wa kitabu cha shule nitaweka mahali pa kukinunulia: jina la mchapishaji, duka ninalolijua, na kama wanatuma kwa basi. Mwenye duka mkoani ambaye ana riwaya za Kiswahili rafuni aniandikie, nitamweka bila malipo. Maswali ya dondoo sitayajibu, hata mkinibandikia karatasi nzima. Na uchambuzi wa mwezi ni wa Haini, riwaya nyingine ya Shafi, ambayo mwaka huu haikutafutwa sana na mtu yeyote.