Je, wajua kuna metali inayotoa jasho ndani ya kombora?

Milima ya Kigezi, kusini-magharibi mwa Uganda, wengi wanaijua kwa viazi na baridi ya asubuhi. Lakini huko Nyamuliro na Kirwa watu wamechimba kwa miaka mingi jiwe jeusi ambalo ukilipokea bila kuonywa, mkono unashuka. Ndani yake mna metali iitwayo wolframu, au tangsteni, jina la Kiswidi lenye maana ya jiwe zito. Kuna hata madini ya jamii hiyo yaitwayo mpororoiti, kwa kuwa yalitambuliwa kwanza Mpororo, huko huko Kigezi.

Uzito huo si mchezo. Jaza chupa ya lita moja kwa wolframu safi, utabeba zaidi ya kilo 19, karibu sawa na jerikeni ya lita 20 iliyojaa maji.

Hata hivyo, kilichowavutia watengenezaji wa makombora ni ukaidi wake mbele ya moto. Alumini, ile ya sufuria, huyeyuka ikifika nyuzi 660 za Selsiasi. Chuma huyeyuka kwa nyuzi 1,538. Wolframu hungoja hadi 3,422, na hakuna metali nyingine inayofika hapo. Siri iko kwenye atomu zake: zimeshikana kwa elektroni nyingi, hivyo joto hupata kazi ngumu kuziachanisha.

Sasa tuingie ndani ya kombora. Lile la fueli yabisi ni bomba lililojaa fueli ngumu inayowaka kuanzia ndani. Gesi yote hutafuta njia, na njia ni moja tu: tundu la nyuma, lililobanwa katikati kama kiuno cha nyigu. Wahandisi hupaita mahali hapo koo. Gesi hupita hapo kwa kasi kubwa, ikiwa na joto linaloweza kuvuka nyuzi 3,000. Tena haipiti mikono mitupu. Fueli nyingi za aina hii huchanganywa na unga wa alumini, na ukiungua hutoa matone ya oksidi yanayokwangua koo kama msasa.

Chuma kitupu hapo kingeliwa kama mshumaa. Koo likipanuka, shinikizo ndani ya bomba hushuka, nguvu ya msukumo hupungua, na kombora huanguka kabla ya kufika lilikotumwa. Kwa hiyo bomba refu lote hilo hutegemea pete moja ndogo isiyokubali kupanuka.

Je, pete hiyo hutengenezwaje, ikiwa karibu kila chungu utakachoiyeyushia kitatangulia kuyeyuka? Haiyeyushwi. Wolframu husagwa kuwa unga, unga hushindiliwa kwenye kalibu, kisha huokwa katika gesi ya haidrojeni mpaka chembe zishikane. Donge linalotoka lina vitundu vidogo vidogo, na hapa ndipo penye ujanja ninaoupenda kuliko yote. Badala ya kuvihangaikia vitundu hivyo kama kasoro, wahandisi waliamua kuvitumia. Waliyeyusha fedha, na donge likainyonya kama utambi wa tadooba unavyonyonya mafuta ya taa.

Mtu atauliza: fedha huyeyuka kwa nyuzi 962 tu, itafanya nini penye moto wa 3,000? Mwulize bibi aliyeweka mtungi wa udongo pembeni mwa nyumba. Maji hupenya polepole kwenye udongo, hukauka juu ya ngozi ya mtungi, na yakikauka huondoka na joto. Ndiyo maana maji ya ndani hubaki baridi. Koo la kombora hufanya vivyo hivyo. Fedha huyeyuka, huchemka ikifika nyuzi 2,162, na mvuke wake hutoka ukiwa umebeba joto. Metali inatoa jasho, huku mifupa ya wolframu ikibaki imesimama.

Lakini wolframu ina adui wake, naye ni oksijeni. Balbu za zamani zilikuwa na waya wa metali hiyo, uliong'aa kwenye nyuzi kama 2,500 kwa saa mamia. Kioo kikipasuka taa ikiwa inawaka, waya uliteketea papo hapo na kuacha unga mweupe au wa manjano. Ndani ya kombora inaokoka kwa sababu gesi inayopita ina oksijeni huru kidogo mno.

Adui wa pili ni uzito wake wenyewe, maana kila kilo ya nyuma hunyang'anya kombora safari. Ndiyo sababu makombora mengi makubwa yamehamia kwenye koo la nyuzi za kaboni, ambazo ni nyepesi mno.

Mahali pamoja wolframu inaposhikilia bado ni kwenye mabawa madogo yanayowekwa katikati ya moto unaotoka, ili kugeuza kombora. Kombora la Ujerumani la V-2, mwaka 1944, lilitumia mabawa ya grafiti. Siku hizi mengine hutengenezwa kwa wolframu iliyonyweshwa shaba. Kombora linapoondoka halina kasi, na mapezi ya nje hayana upepo wa kushika. Mabawa hayo ndiyo usukani wake kwa sekunde chache, mpaka mapezi yapate hewa ya kutosha.