Vinili asetati: kemikali inayozaa gundi nyeupe ya mbao

Vinili asetati ni kimiminika kisicho na rangi, chenye harufu tamu ambayo ikizidi huchoma pua. Si bidhaa ya dukani. Seremala wa Nyakato au Igoma hapa Mwanza anaweza kuzeeka kazini bila kukiona, ingawa kopo la gundi nyeupe lililo mezani kwake, kando ya randa na msasa, limetokana nacho.

Mkemia Mjerumani Fritz Klatte ndiye aliyekigundua, mwaka 1912. Siku hizi viwanda hukitengeneza zaidi kwa kukutanisha gesi ya ethilini, oksijeni na asidi asetiki, ile inayoipa siki ukali, kwa msaada wa kichocheo cha paladi, aina ya metali.

Kila molekuli yake ina kifungo maradufu kati ya kaboni mbili. Kifungo hicho kikifunguliwa, molekuli moja hushika nyingine, nayo hushika inayofuata, mpaka maelfu yanafanya mnyororo mmoja mrefu: polivinili asetati, ambayo ni plastiki. Kazi hii ikifanyika ndani ya maji, hutoka vipunje vidogo mno vya plastiki vilivyotapakaa majini. Hiyo ndiyo gundi. Weupe wake hautokani na rangi yoyote. Ni mwanga unaotawanywa na vipunje hivyo.

Ukilielewa hilo, mengi ya karakana yanaeleweka. Fundi akipaka gundi kwenye ulimi wa mguu wa kiti na kuuingiza tunduni, mbao hunywa maji, vipunje vinasogeleana, vinabanana, kisha vinaungana kuwa utando mmoja. Tazama tone lililotokeza pembeni ya kiungo: linaanza kung'aa kwenye kingo, na likikauka lote unaona mbao chini yake. Ndiyo maana kiungo hubanwa kwa jiriwa na kuachwa, kwa kawaida hadi kesho yake, kabla ya kubebeshwa uzito. Mbao mbichi huiharibu kazi, kwa kuwa maji ya gundi hayana pa kwenda. Na fundi anayempa mteja kiti jioni ileile alipokiunga hamtendei haki, hata kama mteja mwenyewe ndiye anayeharakisha.

Hatari za kimiminika chenyewe zisichanganywe na za gundi. Vinili asetati huchemka kwenye nyuzi joto 72 hivi, mvuke wake hushika moto upesi, na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, limeiweka kwenye kundi la vitu vinavyoweza kusababisha saratani kwa binadamu. Husafirishwa ikiwa na dawa ya kuizuia isijiunge yenyewe ndani ya tangi. Kwenye gundi, karibu yote imeshageuka polima, yaani ile minyororo mirefu.

Udhaifu wa gundi hii ni maji na joto. Kiti kilicholoweshwa na mvua siku kadhaa hulegea viungo, na gundi iliyomo hurudia weupe na ulaini. Kwa hiyo haifai kwa mtumbwi. Mafundi wa mitumbwi kwenye mialo ya ziwa hutegemea misumari, na mianya ya mbao huizibia pamba. Zipo gundi nyeupe zilizoongezewa kemikali za kufungamanisha minyororo, nazo huvumilia unyevu wa jikoni na bafuni, ila hata hizo si za kukaa chini ya maji.